Kibarua wa saiti ameajiriwa na nani? Tunachojifunza kutoka kwenye ujenzi wa Arusha

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mitaa ya Levolosi katika Jiji la Arusha huwa imeshaamka. Karibu na Soko la Kilombero mikokoteni inapishana na bodaboda, na katikati ya wauza mboga wapo vijana wenye begi dogo mgongoni. Ndani ya begi kuna nguo ya kazi na pengine mwiko na pima maji. Wanasubiri simu, au mtu. Wengine wamepanda daladala ya kwanza kutoka Ngaramtoni, Kisongo au Usa River. Akitokea fundi mkuu anayetaka watu sita wa kumwaga zege, dakika tano zinatosha kuwapata. Hakuna karatasi. Kuna bei ya siku na jina la mahali saiti ilipo, basi.

Siku nyingi mambo huenda sawa: jioni mtu analipwa, anarudi nyumbani. Shida huanza siku ambayo fedha haionekani, au siku ambayo mtu ameteleza kwenye jukwaa la miti na kuvunjika mguu. Siku hiyo linaulizwa swali moja ambalo kila mkubwa wa saiti hulikwepa: huyu ameajiriwa na nani?

Katika makala hii tunalitazama swali hilo kwa kutumia tafiti zilizofanywa Tanzania na nchi jirani, pamoja na sheria zetu wenyewe. Tunaiandika kwa ajili ya msikilizaji anayekwenda mjini kutafuta kibarua. Tunaiandika pia kwa aliyebaki kijijini, anayejenga nyumba yake kidogo kidogo au aliyechaguliwa kwenye kamati ya ujenzi wa shule. Mara nyingi ni mtu huyo huyo.

Kwa nini tunalizungumza sasa

Mkoa wa Arusha una kazi nyingi za ujenzi katika miaka hii. Septemba 2023 Tanzania, Kenya na Uganda zilipewa uenyeji wa pamoja wa AFCON 2027, na Machi 2024 ukasainiwa mkataba wa kujenga uwanja wa mpira katika kata ya Olmoti. Uwanja huo ni wa watazamaji 30,000 na gharama yake ilitajwa kuwa shilingi bilioni 286. Upo pia mradi wa TACTIC, unaotokana na mkopo wa Benki ya Dunia na kusimamiwa na TARURA katika miji 45, Arusha ikiwa mmojawapo. Halafu kuna kazi ambazo hazitangazwi popote: vyumba vya kupangisha, fremu za maduka, nyumba za wageni, uzio wa mtu aliyeuza ng'ombe akaamua kujenga.

Kazi za aina ya kwanza zina bango kubwa getini lenye jina la mkandarasi na la mhandisi mshauri. Hizi za mwisho mara nyingi hazina bango. Lakini kijana mwenye begi anaweza kuwa kwenye kazi yoyote kati ya hizo, na wiki ijayo akawa kwenye nyingine.

Mnyororo wa mikono

Wazee watakumbuka enzi za makampuni ya umma ya ujenzi kama MECCO. Fundi alikuwa na ajira ya kudumu, na kazi moja ikiisha alihamishiwa nyingine. Baada ya mageuzi ya uchumi ya miaka ya 1980 na 1990 utaratibu huo ulififia. Kampuni nyingi zilibaki na wahandisi na wasimamizi wachache, na kazi ya mikono zikaanza kuinunua nje, kwa vikundi vya mafundi wanaopatana bei ya kazi nzima.

Mtafiti Arthur Jason aliichunguza hali hii jijini Dar es Salaam katika utafiti uliochapishwa na Shirika la Kazi Duniani mwaka 2005. Alionyesha jinsi sehemu kubwa ya nguvukazi ya ujenzi ilivyokuwa imehamia kwenye kazi zisizo rasmi, bila mikataba ya maandishi na bila kinga ya jamii. Haikuwa kwetu peke yetu. Ripoti ya shirika hilo ya mwaka 2001 kuhusu ujenzi duniani ilieleza kwamba makampuni ya mabara mengi yalikuwa yakiacha kuajiri moja kwa moja na kutegemea mawakala na wakandarasi wadogo.

Hapo ndipo unapotokea mnyororo. Mwenye mradi anamlipa mkandarasi. Mkandarasi anapatana na fundi mkuu. Fundi mkuu anawaita mafundi wake, na kila fundi anakuja na saidia fundi wake. Fedha inashuka ngazi hizo moja moja, na kila ngazi inachukua chake. Wajibu nao ulipaswa kushuka na kupanda kwenye ngazi hizo hizo, lakini ndio unaopotea njiani. Ukimuuliza mkandarasi kuhusu kibarua aliyeumia, atasema ni mtu wa fundi. Ukimuuliza fundi, atasema yeye mwenyewe ni kibarua tu.

Wapo wanaosema tatizo ni kampuni za kigeni. Utafiti ulioongozwa na Carlos Oya wa chuo cha SOAS cha London, uliotoa matokeo yake mwaka 2019, ulilinganisha kampuni za Kichina na nyingine katika nchi za Ethiopia na Angola. Uligundua kwamba kwa kazi za aina moja mishahara haikutofautiana sana. Kilichokuwa na uzito zaidi ni aina ya kazi, ujuzi wa mfanyakazi na mahali alikotoka. Maana yake ni kwamba kuuliza kampuni ni ya taifa gani hakutoshi. Uliza kazi imepangwaje, na nani anashika kumbukumbu.

Hesabu ya ukuta

Tutoe mfano wa kufikirika. Mwenye fremu za maduka anapatana na fundi mkuu shilingi 600,000 za ufundi, yaani kazi ya mikono peke yake, kuinua kuta mpaka kwenye lenta. Fundi anakadiria siku tano. Anaita watu watano, kila mmoja kwa shilingi 15,000 kwa siku. Kwa siku moja ni shilingi 75,000, kwa siku tano ni 375,000. Fundi anabakiwa na 225,000 yake.

Sasa siku ya tatu saruji haikufika, kwa sababu mwenye mali alikuwa hajapata fedha. Watu walikuja, wakakaa kwenye tofali mpaka saa nane. Siku ya nne mchanga ulikuwa umekwisha. Siku ya tano ikanyesha mvua. Kazi ikaisha siku ya nane. Watu watano kwa siku nane ni shilingi 600,000 kamili. Fundi mkuu amebaki na sifuri.

Hapo fundi ana njia chache, na zote mbaya. Anaweza kuwaambia vijana kwamba zile siku za kukaa hazihesabiwi. Anaweza kuzima simu. Au anaweza kuharakisha: kuchanganya mchanga mwingi kwa saruji kidogo, kung'oa mirunda kabla zege halijakomaa, kumpandisha mtu juu bila jukwaa la maana ili kazi iishe leo.

Tazama vizuri kilichotokea. Fundi na mwenye mali wamepatana kwa kazi, lakini fundi na vibarua wamepatana kwa siku. Kila siku inayopotea inaangukia kwenye tofauti hiyo. Na aliyesababisha kuchelewa siye anayelipa. Anayelipa ni aliye chini kabisa.

Tafiti za usimamizi wa miradi zinaonyesha jambo hilo hilo kwa kiwango kikubwa. Mwaka 2012 Geraldine Kikwasi wa Chuo Kikuu Ardhi alichapisha utafiti kuhusu sababu za kuchelewa kwa miradi ya ujenzi Tanzania. Kati ya sababu zilizojitokeza ni mabadiliko ya michoro, mkandarasi kucheleweshewa malipo, taarifa kuchelewa, shida ya fedha na usimamizi dhaifu. Matokeo yake ni muda kupita, gharama kupanda, watu na mitambo kukaa bure, na migogoro. Uvivu wa kibarua siyo jambo lililobeba orodha hiyo. Sababu hizo nyingi zinaanzia juu, ofisini na mfukoni mwa mwenye mradi, lakini "kukaa bure" kunaonekana chini, kwa mtu aliyelipa nauli akaja.

Na haraka ina gharama yake. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, Dar es Salaam, na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Mwaka 2013 jengo lililokuwa likijengwa katikati ya jiji hilo liliua watu zaidi ya 30. Kila ajali ina chanzo chake na uchunguzi wake. Lakini kila mara swali la wananchi lilikuwa moja: nani alikuwa anasimamia?

Neno moja linaloficha watu

Ukimuuliza kijana wa saiti kama ameajiriwa, mara nyingi atakujibu: "Hapana, nabangaiza tu." Kwa Kiswahili chetu cha kila siku, kuajiriwa ni kuwa na barua, ofisi na mshahara wa mwisho wa mwezi. Mwalimu ameajiriwa, nesi ameajiriwa. Anayebeba zege ni kibarua.

Jambo hilo lina uzito kuliko linavyoonekana. Mwaka 2015 watafiti Matteo Rizzo, Blandina Kilama na Marc Wuyts walichapisha uchambuzi wa takwimu za ajira za Tanzania. Walisema kwamba watu wengi wanaofanya kazi kwa ujira katika sekta isiyo rasmi hawaonekani kwenye takwimu, kwa sababu wanahesabiwa kama waliojiajiri. Sehemu ya chanzo ni maswali ya dodoso na namna maneno yake yanavyoeleweka kwa Kiswahili. Mtu akisema "sijaajiriwa", karani anaandika kwamba amejiajiri, kana kwamba ana biashara yake. Ukweli ni kwamba kuna mtu anayempangia saa za kuingia na kutoka, na anayemlipa.

Asiyeonekana kwenye takwimu haonekani kwenye mipango. Na asiyejiona kuwa mwajiriwa hadai haki za mwajiriwa.

Sheria haiulizi unajiitaje

Hapa tunawaomba wasikilizaji wasome taratibu. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi Na. 7 ya 2004 kinaeleza mtu gani anachukuliwa kuwa mwajiriwa. Hakisemi lazima awe na barua. Kinataja mambo kadhaa, na likiwepo hata moja, mtu huyo anahesabiwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Baadhi ni haya:

- Namna unavyofanya kazi, au saa zako za kazi, zinaongozwa na mtu mwingine.
- Umemfanyia kazi mtu huyo wastani wa saa 45 kwa mwezi au zaidi katika miezi mitatu iliyopita.
- Unamtegemea mtu huyo kwa kipato chako.
- Unapewa naye vifaa vya kazi.

Saidia fundi anayeambiwa aje saa moja, anayepewa koleo na toroli, na anayeambiwa aondoke saa kumi na moja, tayari yumo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi ya kazi yake: kazi gani, mahali gani, saa ngapi, ujira kiasi gani. Wasiohusika na sharti hilo ni wanaomfanyia mwajiri kazi chini ya siku sita kwa mwezi. Mgogoro ukifika mbele ya sheria na mwajiri akashindwa kuonyesha maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti ya kazi unakuwa wake. Sheria hiyo inaweka pia ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada zinalipwa mara moja na nusu. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kwenye kazi za hatari.

Kwa walioumia kazini upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kukusanya michango Julai 2015. Anayechangia ni mwajiri peke yake. Mfanyakazi hakatwi hata senti. Mchango ni nusu asilimia ya mishahara yote. Kampuni inayolipa mishahara ya shilingi milioni 3 kwa mwezi inachangia shilingi 15,000, yaani ujira wa kibarua mmoja kwa siku moja katika mfano wetu wa ukuta. Ajali lazima itolewe taarifa ndani ya miezi 12, la sivyo haki inaweza kupotea. Lakini usingoje hata wiki, kwa sababu mashahidi wa saiti hutawanyika haraka.

Ukidhulumiwa ujira, unaweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ambayo ina ofisi Arusha. Lalamiko la kuachishwa kazi linapelekwa ndani ya siku 30, malalamiko mengine ndani ya siku 60. Aliyefanya kazi chini ya miezi sita hawezi kutumia kanuni za kuachishwa isivyo halali, lakini ujira wa siku alizofanya kazi anaweza kuudai. Kwa miradi inayotumia masharti mapya ya kijamii ya Benki ya Dunia, yaliyoanza Oktoba 2018, saiti inatakiwa kuwa na utaratibu wa wafanyakazi kuleta malalamiko, wakiwemo wa wakandarasi wadogo. Ukiingia saiti ya namna hiyo, uliza mapema malalamiko yanapelekwa kwa nani.

Na wewe wa kijijini je?

Tusiishie kuwanyooshea kidole wakubwa wa mjini. Shule na zahanati nyingi za vijijini zimejengwa kwa utaratibu wa force akaunti, ambapo shule, kijiji au halmashauri inanunua vifaa yenyewe na kupatana na mafundi wa mtaani. Mwaka 2021 Serikali ilipopata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa kukabiliana na athari za UVIKO-19, vilipangwa kujengwa madarasa 15,000 nchi nzima, kila moja kwa shilingi milioni 20, mengi kwa utaratibu huo. Wananchi waliingia kwenye kamati za ujenzi, za manunuzi na za mapokezi ya vifaa.

Faida yake inajulikana: gharama inashuka na fedha inabaki kijijini. Lakini kamati hizo zinakuwa ndizo zinazoongoza kazi. Mwenyekiti wa kamati anaposema "fundi, vijana wako waje kesho", na kesho saruji haijafika, hesabu ya ukuta inarudi ile ile. Safari hii aliyechelewesha vifaa ni jirani, na aliyekosa ujira ni mtoto wa jirani mwingine. Ukijenga nyumba yako, nawe umeingia kwenye kiti hicho hicho.

Daftari la shilingi chache

Tukiulizwa jambo moja linaloweza kubadilisha hali hii bila kusubiri bajeti wala mkutano, tutasema: daftari la mahudhurio. Kila asubuhi jina, namba ya simu, kazi ya siku hiyo, na bei iliyokubaliwa. Kila jioni kiasi kilicholipwa na kinachodaiwa, na sahihi au dole gumba. Siku ambayo watu walikuja vifaa vikakosekana, iandikwe hivyo hivyo, na kabla kazi haijaanza ikubaliwe siku kama hiyo inalipwaje. Ukurasa upigwe picha kwa simu, ubaki kwa watu wawili au watatu.

Daftari hilo linamfaa msimamizi kwanza. Likionyesha siku tatu za kukaa kati ya nane, mwenye mali anajua kwamba hasara ilitokana na yeye kuita watu kabla ya vifaa. Linamfaa fundi mkuu, kwa sababu ana cha kuonyesha anapoomba kuongezewa bei. Na linamfaa kibarua, kwa sababu mbele ya CMA au WCF neno lake halisimami tena peke yake.

Tunajua pingamizi zake. Fundi ataogopa kwamba daftari litamfunga yeye mwajiri wa dhahiri. Kibarua ataogopa kwamba akidai kuandikwa, kesho haitwi. Hofu hiyo ni ya kweli, na sheria peke yake haiiondoi. Vijana wanaosubiri Kilombero ni wengi kuliko kazi, na mgomvi huachwa. Ndiyo maana tunasema ombi la daftari litoke kwa kikundi kizima cha fundi, siyo kwa mtu mmoja. Chama cha wafanyakazi cha TAMICO kinahusika na sekta ya ujenzi, na wafanyakazi wa saiti kubwa wanaweza kukitafuta. Kwa saiti ndogo, mwenye nyumba mwenyewe anaweza kulianzisha. Hakuna kibarua atakayekataa kuandikwa na anayemlipa.

Hata kama saiti haina daftari, kijana anayeshuka Arusha kesho anaweza kuwa na lake. Kabla hujashika koleo, uliza mambo matatu: jina la anayekulipa, bei ya siku, na siku ikikosa vifaa inakuwaje. Andika kwenye simu, umtumie ndugu yako nyumbani ujumbe wenye jina la saiti na la fundi. Likitokea la kutokea, kuna mtu mmoja nje ya saiti ile anayejua ulikuwa wapi, na ulikuwa unamfanyia kazi nani.